Watu wa mazingira mnafikaje huko? Mbona kila ninayemjua alianzia kwingine kabisa

#1 Mhasibu wa Mashine
Wakuu habari za jioni.

Kuna kitu kinanisumbua muda sasa. Mimi ni mhasibu wa diploma, nipo kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Ubaruku, Mbarali. Magunia yaliyoingia, yaliyotoka, posho za vibarua, madeni ya wateja, ndo maisha yangu. Ila kwa miaka kadhaa nimekuwa pia katibu wa jumuiya ya watumia maji kwenye kamto kamoja kanakoingia Ruaha Mkuu. Kazi ya bure kabisa. Naandika nani kafungua lango la mfereji, nani zamu yake imeisha na hajafunga, tunapanda kuangalia vyanzo, tunagombana na wanaolima mpaka kwenye kingo, na kusema ukweli hiyo ndo kazi ninayoamka naiwaza. Mashine naenda kwa sababu ya ada za watoto.

Sasa nimekaa nikawaangalia watu ninaowafahamu wanaofanya kazi za mazingira na unaona kabisa wanaipenda. Mmoja alikuwa dereva wa malori ya Tunduma. Mwingine alikuwa anafundisha Kiingereza. Kuna dada alikuwa anauza simu. Hakuna hata mmoja aliyetoka form six akasema naenda kusoma mazingira, akasoma, akafika. Na ninaowajua waliosoma mazingira yenyewe wako mtaani na bodaboda. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba hii kazi ukiifuata moja kwa moja huipati, inabidi uzunguke. Nipingeni. Na kwa mtu aliyeshavuka 35 kama mimi, nirudi chuo au niendelee kuzunguka hivihivi?

#2 Mzee wa Kona
Konekshini mkuu. Funga uzi.

#3 Afisa Kelele
Nikupinge mimi niliyenyooka. Form six CBG, chuo kikuu cha SUA Morogoro, digrii ya mazingira, nikasota kidogo na Ajira Portal, nikapata halmashauri. Sikukata kona hata moja. Sasa unajua kazi yangu ikoje? Ijumaa na Jumamosi usiku nashika kipima kelele nazunguka kwenye baa na kumbi. Wiki ikianza ni gereji zinazomwaga oili mtaroni, machinjio, wachimba mchanga mtoni, barua za malalamiko ya jirani na jirani. Nilienda chuo nawaza misitu ya Udzungwa, nimeishia kugombana na madijei. Ila nimefika, na mshahara unaingia, kwa hiyo usiseme hakuna anayefika kwa njia ya moja kwa moja.

Halafu hoja yako ina tundu. Unawahesabu waliozunguka wakafika. Waliozunguka wakapotelea hukohuko huwajui maana hawakurudi kukusimulia.

#4 Rambo wa Kariakoo
Mimi ni huyo aliyezunguka, ila sikuzunguka kwa kupenda. Nilikuwa nauza mifuko ya rambo jumla Kariakoo, biashara nzuri, unauza na wanunuzi wa mikoani wanakufuata wenyewe. Ikaja tarehe 1 Juni 2019 mifuko ikapigwa marufuku nchi nzima, tulitangaziwa mapema lakini si unatujua Wabongo, kila mtu alikuwa anasema itaahirishwa. Haikuahirishwa. Nikahamia mifuko mbadala ile ya kitambaa, faida ikawa nyembamba na kila mtu kaingia humohumo. Nikaanza kukusanya chupa za maji kwenye kumbi za harusi kwa sababu nilikuwa tayari nina kirikuu na nina stoo. Leo nina kituo cha plastiki Mbagala, akina mama wanaleta, tunachambua, chupa nyeupe peke yake, za rangi peke yake, madumu na ndoo peke yake, vifuniko vinatolewa maana ni plastiki ya aina nyingine na vikichanganyika mnunuzi anashusha bei ya mzigo wote.

Watu wakija na kamera wananiuliza wito wangu ulianzaje. Wito gani, nilifilisika. Lakini nikwambie ukweli mleta mada, sasa hivi nikipita mtaro umejaa chupa naumia, na siumii kwa sababu ya hela tu.

#5 Mpemba Asiye Haraka
#4 nyie wa bara mnazungumza 2019 kama ndo dunia imeanza. Zanzibar mifuko ilipigwa marufuku 2006. Sema ilikuwa inavuka na boti kutoka kwenu huko Kariakoo, pengine ni ya kwako hiyo.

#6 Rambo wa Kariakoo
😂😂 Sina la kujibu hapo.

#7 Nyani Ngabu wa Kigoma
Mnasahau mfano mkubwa kuliko wote na upo kwetu Kigoma. Jane Goodall. Alikuwa katibu muhtasi tu, anapiga taipu, hana digrii ya aina yoyote, akaja Gombe Julai 1960 akakaa na sokwe mtu na dunia nzima ikamjua. Hakuwahi kusomea lolote kuhusu wanyama. Mleta mada acha kufikiria chuo.

#8 Bi Mkubwa Ujiji
Hapo umeongeza chumvi mjukuu wangu. Kweli alifika hana digrii, ila baadae Leakey, yule mtafiti aliyemtuma Gombe, alimpeleka Cambridge akapata udaktari miaka hiyohiyo ya 60, akiwa mmoja wa wachache sana walioruhusiwa kusomea udaktari bila kupita digrii ya kwanza. Kwa hiyo chuo alikwenda, ila alikwenda akiwa na daftari lake limejaa.

Na jiulizeni jambo moja. Mwaka 1960 Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Kijana wa Kimanyema wa pale Ujiji mwenye hamu ileile ya sokwe angekwenda kwa nani? Nani angemtafutia hela za hema na chakula? Mnasifia kuzunguka, lakini kuna waliozunguka wakafunguliwa mlango, na kuna walioambiwa wabebe mizigo. Mwaka 1975 waasi kutoka Zaire walipovuka ziwa wakateka wanafunzi wanne pale Gombe, wazungu wakaondolewa, na waliobaki kuandika kumbukumbu za sokwe kila siku ni Watanzania wa vijiji vya jirani. Hilali Matama ndiye aliyekuwepo na kushuhudia sokwe wa kundi moja wakimshambulia mwenzao wa kundi la pili mwaka 1974, habari iliyoshangaza wanasayansi wote. Hao nao njia yao ilikuwaje? Mbona hatuwatolei mfano?

#9 Mzee wa Kona
Nilisema konekshini. Huyo Leakey ndo konekshini yenyewe.

#10 Nyani Ngabu wa Kigoma
Shikamoo Bibi, nimekusoma. Ila bado hajaanzia kwa sokwe, kaanzia kwa taipu. Hoja ya mleta mada inasimama.

#11 Kisiki Hai
Habari zenu. Niko Kilosa. Mimi nilikuwa mchoma mkaa na baba yangu alikuwa mchoma mkaa. Tulikuwa tunakimbizana na mabwana misitu, unalala porini na tanuru lako, ukisikia pikipiki unaacha kila kitu.

Mwaka 2012 ukaja mradi wa mkaa endelevu kwenye vijiji vyetu. Msitu wa kijiji unapimwa, sehemu ya kuvuna inagawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, unavuna kimoja unaruka cha jirani, kama ubao wa drafti, na kipande ulichovuna hurudi mpaka miaka 24 ipite. Waliokuja kutufundisha walikuwa wasomi wazuri tu, ila kuna mambo walikuwa wanatuuliza sisi. Mti gani unachipua haraka ukikatwa, ukate urefu gani kisiki kisife, kipande gani mwaka jana kilipitiwa na moto. Mimi hayo nayajua tangu mtoto, nilikuwa nayatumia kwa wizi. Wakaniweka kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, nikajifunza GPS na kufunga kamba za kupimia, sasa hivi vijiji vingine wananiita nikawaonyeshe.

Ninachotaka kusema ni kwamba mimi sikuhama njia. Nipo palepale porini na miti ileile. Kilichobadilika ni kwamba zamani nikionekana nilikuwa mwizi na sasa hivi nikionekana naulizwa ushauri. Kwa hiyo maneno ya kuzunguka mimi siyaelewi vizuri.

#12 Mama Wawili
#11 hii post naomba ipigwe muhuri.

#13 Kondakta wa Ukunda
Sasa wadau, niko Kwale Kenya, nawasoma tu. Huyo wa Kilosa ameongea ukweli. Mimi nilikuwa makanga wa matatu Ukunda hadi Lungalunga, saa hii nafanya na kikundi cha mikoko. Si mbali na Gazi, wale wa Mikoko Pamoja wameanza kuuza kaboni ya mikoko, yaani wanalipwa na watu wa nje juu ya hewa chafu mikoko inayoihifadhi, tangu 2013 na pesa inaingia kwa kijiji, maji, skuli. Kazi ya makanga imenisaidia kuliko masomo, juu kazi ya mikoko nusu yake ni kubembeleza watu. Umwambie mzee asikate boriti hapa akate pale, uwaambie akina mama kuni zipo kule. Mtu hajawahi gombana na abiria juu ya chenji hawezi hiyo kazi.

Na hata Prof Wangari Maathai si alienda Amerika kusoma mambo ya misitu akarudi akapanda miti? Huyo alienda straight.

#14 Daktari wa Ng'ombe
#13 hapana ndugu yangu, na hapa lazima niingilie maana huyu ni wa kwetu. Wangari hakusoma misitu. Marekani alisoma baiolojia, Kansas, akamaliza 1964, kisha Pittsburgh akachukua uzamili wa baiolojia hiyohiyo. Udaktari wake wa 1971 pale Nairobi ulikuwa anatomia ya mifugo. Viungo vya wanyama! Alikuwa anafundisha wanafunzi wa udaktari wa mifugo kama mimi.

Na hapo ndo pazuri. Alikuwa anafanya utafiti wa ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, anaenda vijijini kukusanya kupe, akaona ng'ombe wamekonda mbavu nje, mito imegeuka tope, majani hakuna. Akaona shida kubwa kuliko kupe. Green Belt, harakati yake ya kupanda miti, ikaanza 1977, tuzo ya Nobeli ikaja 2004. Kwa hiyo aliingia kwenye miti kupitia kwa kupe.

#15 Kondakta wa Ukunda
Aaa kupe tena! Asante daktari. Basi hata yeye alikuwa na route ya kuzunguka.

#16 Mzee wa Kona
Mleta mada jibu limepatikana, tafuta kupe.

#17 Fundi Bomba
Vyura je, mnawakubali?

Mimi ni fundi bomba, cheti cha VETA, mtu wa Ifakara. Mnakumbuka bwawa la Kihansi, lile la umeme wa megawati 180. Maji ya maporomoko yaliingizwa kwenye mtambo, karibu yote, na chini ya yale maporomoko kulikuwa na kabonde kadogo kanakoloweshwa na yale manyunyu tu, na kuna chura wa manjano mdogo kama ukucha aliyeonekana hapo 1996 na hayupo mahali pengine popote duniani. Manyunyu yakaisha. Ikabidi yatengenezwe manyunyu ya bandia, mabomba yanashuka korongoni na vinyunyizio mwisho. Sasa vinyunyizio vinaziba, mchanga, majani, na nani anazibua? Profesa? Mimi.

Nilienda kama kibarua. Sikujali chura wala nini. Lakini ukikaa pale na watafiti kila siku unaanza kuuliza, mwisho nikawa najua yule chura hatagi kama vyura wengine, anazaa vitoto vilivyokamilika, nikawa naona mwenyewe leo wapo wengi kesho wachache. Wengine 499 walipelekwa kwa ndege Marekani mwaka 2000, huku kwetu wakatoweka, 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hawapo tena, na 2012 wakaanza kurudishwa. Tangu hapo kazi zangu zote zimekuwa za maji na maumbile, kitalu, vyanzo, mabirika ya mifugo mbali na mto. Mpaka leo kwenye CV nimeandika fundi bomba.

#18 Kijiti
Kwa hiyo wewe ndo ulikuwa unawaogesha vyura kwa kodi zetu 😂

#19 Fundi Bomba
Hela ya mradi ilikuwa ya Benki ya Dunia.

#20 Kijiti
Mkopo. Nani analipa mkopo?

#21 Daktari wa Ng'ombe
Jamani vyura wa Kihansi wakianza kujadiliwa hapa tutafika page ya mia, turudi kwa mwenye uzi.

#22 Mama Wawili
Nimesubiri niwasome wote. Kuna kitu hamkisemi, isipokuwa Bibi wa #8 aliyekigusa.

Kuzunguka kuna gharama na kuna mtu anayelipa. Mimi nina digrii ya wanyamapori. Nilipomaliza niliingia taasisi moja, siitaji, kujitolea. Nauli juu yangu, chakula juu yangu, na kazi nafanya sawa na walioajiriwa, usiku ripoti mchana fildi. Niliweza kwa sababu nina shangazi Arusha, nalala kwake, nakula kwake. Tulianza na wenzangu wenye akili kunizidi, mmoja alikuwa anakariri ndege kwa sauti, anasikia mlio anakutajia, yule hakuwa na shangazi Arusha. Alirudi kwao Kahama, leo anauza duka. Mimi nikaonekana nina moyo na uvumilivu. Moyo! Nilikuwa na kitanda cha bure.

Na kwa mwanamke ongeza mengine. Kambi ya fildi choo kimoja, hakuna mlango. Ukipata mimba mkataba haurudishwi upya na hakuna anayekwambia kwa nini. Hapo ndo wengi wetu tunapokata kona mnazozisifia, tunaenda kufundisha, tunaenda benki, halafu miaka kumi baadae ukirudi watu wanakuita mfano wa kuigwa kwa kutokata tamaa. Sijui kama ni njia yenye maana au ni njia iliyojaa mashimo tu tukaizoea.

#23 Mhasibu wa Mashine
Dada #22 umenifanya nikae kimya kidogo. Nashukuruni wote, sikutegemea. Afisa Kelele lile tundu nimeliona. Ila naomba mtu anisaidie kwenye swali la pili, chuo au hapana?

#24 Afande Mstaafu
Kama ni askari wa wanyamapori usijidanganye na kuzunguka. Siku hizi ni jeshi usu, kuna umri, kuna mafunzo, kuna gwaride. Sisi tuliingia zamani, kijana anajua kunusa nyayo anachukuliwa. Sasa hivi ni vyuo vya wanyamapori kama Pasiansi au Mweka kule Arusha, bila mafunzo huvai kombati.

#25 Mzawa wa Kibosho
Mweka iko Moshi afande, mlimani kabisa, mimi naiona kutoka nyumbani. Tangu 1963.

#26 Afande Mstaafu
Kaskazini ni kaskazini.

#27 Mtaalamu Elekezi
Mhasibu ngoja nikujibu kama mtu wa ndani. Mimi nafanya tathmini za athari kwa mazingira, EIA, nimesajiliwa. Hapo ndipo karatasi inapohitajika kweli, maana tangu sheria ya mazingira ya 2004 mradi mkubwa hauanzi bila tathmini, na tathmini haisainiwi na mtu yeyote tu, lazima awe kwenye orodha. Kwa hiyo ukitaka njia yangu, rudi chuo, hakuna mjadala.

Lakini nikwambie kinachokosekana huko nje. Watu wanaojua bioanuwai, yaani aina za mimea na wanyama, wapo. Watu wanaojua kuandika mapato na matumizi ya kijiji wakaeleweka na mkaguzi, hao hawapo. Angalia Katavi, halmashauri ya Tanganyika, vijiji 8 vinaingiza mabilioni ya shilingi kutoka kwenye kaboni ya misitu yao, wamejenga zahanati na madarasa. Kijiji kilichozoea kukusanya ushuru wa gulio kinapokea hela ya namna hiyo, nani anaiandika? Kanuni za biashara ya kaboni zimetoka 2022, kituo cha kaboni kipo SUA, miradi inaongezeka kila mwaka, na kila mradi ninaoenda wanalia na kitu kimoja, vitabu. Wewe unajua vitabu, na unajua kugombana na watu kuhusu maji. Kwa nini uende kukaa darasani miaka mitatu uanze kukariri majina ya Kilatini?

Tena jumuiya za watumia maji zimo kwenye sheria ya rasilimali za maji ya 2009. Unasema unataka kuingia, uko ndani tayari, shida yako ni kwamba hulipwi.

#28 Kijiti
Kaboni tena. Hewa inauzwa, mnunuzi yuko Ulaya anaendelea kuchafua, sisi tunaambiwa tusikate mti. Halafu mnaita ajira yenye maana.

#29 Kisiki Hai
Kijiti njoo kijijini uone. Hela ya msitu ikiingia watu wanaulinda. Isipoingia, nakwambia mimi mwenyewe nilikuwa nakata.

#30 Kipepeo wa Muheza
Ikiingia, sawa. Na ikikatika? Mimi niko vijiji vya kuzunguka msitu wa Amani, tulikuwa tunafuga vipepeo. Unapanda mimea yao, unafunga neti, unakusanya pupa, vile vifuko anamotokea kipepeo, zinafungwa kwenye pamba zinakwenda Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho. Akina mama wengi tulisomesha watoto kwa vipepeo, na msitu tuliulinda kwa sababu mama wa vipepeo wanatoka humo. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi ukafungwa, twiga na kipepeo wote kapu moja. Pupa hazisubiri, wiki mbili tatu imeshakuwa kipepeo.

Mimi nikahamia miche ya mikarafuu na iliki, nikapeleka wageni msituni kuona ndege, sasa nafundisha watoto wa shule mambo ya wadudu. Ukiniuliza kwa nini sikuacha kabisa, jibu langu ni kwamba nilishajua sana. Nikipita njiani naona jani limeliwa najua ni nani kalila. Huwezi kujifanya huoni. Sio konekshini, sio sheria, sio hela, na sio shangazi, dada yangu #22 nisamehe.

#31 Mama Wawili
Hakuna kusameheana, nimekuelewa. Yule mwenzangu wa Kahama naye alijua sana. Yupo dukani.

#32 Mpemba Asiye Haraka
Mie nnavyoona mnatafuta jibu moja la watu kumi. Kisiwa cha Chumbe pale, hifadhi ya bahari tokea 1994, askari wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa maeneo yaleyale. Hawana bunduki. Mvuvi akiingia eneo lililofungwa wanamfuata wanakaa nae wanamueleza matumbawe ni nyumba ya samaki, wakizaana humu watatoka kuja kwako. Wanasikilizwa kwa sababu wanajuana, pengine ni shemegi yake. Sasa hao wamezunguka au hawajazunguka? Wa Kilosa alishasema, yeye hajaondoka porini. Pengine kinachozunguka ni kazi yenyewe, mtu kakaa palepale ikamkuta.

Na skuli si adui. Wale wavuvi walisomeshwa, Kiingereza, kuzamia, majina ya matumbawe. Walisoma wakiwa tayari kazini.

#33 Mfugaji wa Usangu
Naomba niulize mleta mada swali ambalo hakuna aliyeuliza, mko bize kumsifu.

Ndugu, wewe unalipwa na mashine ya mpunga. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993. Wakasema ni ng'ombe. 2006 wafugaji tukaondolewa kwenye kinamasi cha Ihefu, 2008 Usangu ikaingizwa hifadhi ya Ruaha. Ng'ombe wakaondoka. Mto ukarudi? Haukurudi kama zamani. Mifereji ya mpunga ipo palepale, inachukua maji hata kiangazi mashamba yakiwa hayana kitu, maji yanamwagika tu. Sasa mchana unahesabu magunia ya mpunga na jioni unalinda mto. Unahangaikia njia ya kwenda kwenye mazingira wakati ofisi yako ni sehemu ya tatizo.

#34 Kijiti
Duh. Nimekaa pale na karanga zangu.

#35 Mhasibu wa Mashine
#33 swali limefika na nimeshaulizwa hivyo uso kwa uso na watu wa chini huko Pawaga. Sikatai mpunga unakunywa maji. Ila sikubaliani kwamba ng'ombe hawakuwa na mchango, mimi nimeziona kingo zilivyokanyagwa, na pia kuna waliofyeka vyanzo kule juu milimani ambao si wewe wala mimi. Kila mtu hapa Mbarali ana mtu wake wa kumtupia lawama.

Ninachojua ni kwamba wenye mashamba wananisikiliza kwa sababu nawakobolea mpunga. Nikimwambia mtu funga lango zamu yako imeisha, anajua kesho ataleta magunia kwangu. Akija afisa na gari la ofisi wanamsalimia vizuri wanafungua tena usiku. Nikiacha mashine nikawa mtu wa mazingira kamili, sijui kama watanisikiliza. Hilo ndo linanifunga kuliko hata ada, na sikuliandika mwanzoni kwa sababu sikutaka kuonekana natetea mkate wangu.

#36 Mfugaji wa Usangu
Umejibu kiume. Bado nakupinga, ila umejibu.

#37 Afisa Kelele
Ukweli mchungu huo. Mimi baa nikishaondoka spika inapandishwa kabla sijafika barabarani.

#38 Mtaalamu Elekezi
Mhasibu basi usiache mashine. Nenda ofisi ya bonde la maji ukaulize jumuiya yenu inakusanya nini kwa wenye vibali vya maji, na kama bajeti yenu inaweza kumlipa katibu hata nusu siku. Kuna jumuiya zinalipa. Ukikwama nicheki inbox nikutumie mfano wa bajeti.

#39 Bi Mkubwa Ujiji
Akalipwe na wenye vibali halafu awafungie malango haohao? Hapo pana kazi mwanangu. Muulizeni vizuri kabla hajaenda.

#40 Mtaalamu Elekezi
Shikamoo Bibi. Bora alipwe na nani sasa? Mfadhili? Mradi ukiisha miaka mitatu anarudi kulekule.

#41 Bi Mkubwa Ujiji
Marahaba. Sijasema asilipwe, nimesema muulizeni.

#42 Dogo wa Umeme
Wakuu samahani naingia katikati, mimi nina cheti cha umeme wa magari, napenda sana mambo ya kasa, niko Mafia, nianzie wapi?

#43 Fundi Bomba
Kasa wanalindwa kwa boti, boti ina injini, injini ina waya. Nenda kaulize nani anawatengenezea.

#44 Mzee wa Kona
Huyo mwenye boti ndo konekshini yako dogo. Halafu Mhasibu, mchele Ubaruku saa hizi kilo shilingi ngapi? Nina gari inapanda Mbeya Jumatano.